Kuhama Universite Nyuma ya Mwaka wa Kwanza: Nani Anapita, na Kwa Nini

Wandugu wanafunzi, kuko neno moja linalozunguka katika interna tangu mwezi wa kenda. Linasemwa kwenye foleni ya maji, linasemwa wakati wa etude ya jioni, na ile wiki iliyopita lilisemwa kwa sauti kubwa hata mwalimu wa Kiingereza akageuka kutoka ubaoni. Neno lenyewe ni hili: "Mimi nitaingia kwanza koleji yoyote kule Marekani, na nyuma ya mwaka mmoja nitahama, nitaingia Harvard." Wengine wanataja Yale, wengine Stanford. Kwa kusema tu, ni rahisi kama kuhama benchi.

Sisi wafinalisti hatucheki neno hili. Kati yetu kuko wenye wazazi ao yaya zao waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi, na makaratasi yao wenyewe yako njiani. Tena mmoja wa wakubwa waliomaliza hapa anasoma sasa mwaka wa kwanza katika koleji ndogo kule, na ametuandikia kwamba mwezi wa tatu ataomba kuhama. Kwao wameanza kukusanya feza. Basi si mambo ya mchezo. Tukaona ni vizuri kueleza katika gazeti letu namna kazi hii inavyoendeshwa, ili mwenye kutumaini ajue anatumaini kitu gani.

Kwanza tuondoe mchanganyiko wa jina. Kwetu koleji ni shule ya sekondari. Kule Marekani neno hilo linamaanisha masomo ya juu, miaka minne nyuma ya diploma ya sekondari. Harvard College ni ile sehemu ya universite ya Harvard inayopokea vijana wa miaka hiyo minne. Lakini kuko pia koleji za jamii, za miaka miwili, zenye bei ndogo, ambazo kwa kawaida zinapokea karibu kila mtu mwenye diploma. Mtu akisema "niko koleji Marekani" usikimbilie kumwonea wivu wala kumdharau. Uliza kwanza ni koleji gani.

Kwa nini watu wanahama? Juu masomo ya kule yanaruhusu. Kwetu ukiingia droit ao medesini, umeingia tangu siku ya kwanza, na ukitaka kubadili mara nyingi unaanza upya. Kule kijana wa mwaka wa kwanza anasoma vitu mbalimbali: hesabu, historia, kemia, uandishi, anachagua fani yake kubwa mara nyingi katika mwaka wa pili. Kila somo lina krediti zake, mara nyingi tatu ao nne. Kwa kawaida mwaka mmoja unaleta krediti 30, na diploma ya kwanza inahitaji 120. Hivyo mtu anaweza kubeba krediti zake 30 na kubisha hodi mahali pengine, sawa na mtu anayehama nyumba na vyombo vyake.

Hapa tuingize onyo dogo kwa wale watakaoanzia universite hapa kwetu. Katika mpango wa LMD, ambao nchi yetu ilianza kuutumia kwa universite zote tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja una krediti 60. Usifikiri basi umebeba mara mbili ya Mmarekani! Ni vipimo viwili mbalimbali. Krediti 60 za kwetu ni mwaka mmoja, na 30 za kwao ni mwaka mmoja.

Na si kila chombo kinaingia katika nyumba mpya. Universite inayopokea ndiyo inayoamua ni somo gani italikubali. Mwaka 2017 ofisi ya serikali ya Marekani inayokagua hesabu za taifa (GAO) ilitoa ripoti juu ya wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009. Ilikadiria kwamba, kwa wastani, walipoteza krediti 43 kwa kila 100 walizokuwa nazo. Karibu nusu ya kazi! Waliotoka katika shule za watu binafsi zinazotafuta faida ndio waliopoteza zaidi. Kwa hiyo mwenye kuchagua koleji ya kuanzia asitazame picha ya bustani yake tu. Aulize wanafunzi wake wanaohama wanapokelewa wapi, na masomo gani yanakubaliwa.

Sasa tuje kwenye universite kubwa zenyewe, zile zinazochagua sana. Wengi kati yetu wanadhani mlango wa kuhama ni mlango wa nyuma, na ya kwamba mlinzi wake analala. Mambo ni kinyume. Tuchukue Princeton. Universite hiyo iliacha kupokea wenye kuhama mwaka 1990, na haikuwapokea tena mpaka 2018. Mwaka huo wa 2018 waliomba watu 1,429. Waliokubaliwa ni 13. Hesabuni wenyewe: haifiki hata mmoja kwa 100. Na mwaka ule ule, kwa wale walioomba kuanza mwaka wa kwanza, walikubaliwa karibu 5 kwa 100. Yaani mlango wa mbele, ambao tunausema ni tundu la sindano, ulikuwa mpana kuliko ule wa nyuma.

Sababu yake si uchoyo. Ni vitanda. Ndiyo, wandugu, ni vitanda, sawa na interna yetu! Katika universite hizo wanafunzi karibu wote wanalala ndani, na kila mwaka zaidi ya 95 kwa 100 ya wale wa mwaka wa kwanza wanarudi kuendelea na wa pili. Hakuna anayetoka, basi hakuna nafasi ya kuingia. Mwaka 2008 Harvard yenyewe ilitangaza kwamba kwa miaka miwili haitapokea wenye kuhama hata mmoja, juu ya kukosa nafasi za malazi, na tangazo hilo lilitoka wakati watu wameisha kupeleka dosye zao. Vijana waliokuwa na pointi nzuri kabisa wakabaki hivyo, si kwa kosa lao. Tunataja jambo hili kwa sababu mtu akikataliwa kule anaanza kujiuliza nini kilipungua kwake. Mara nyingine kilichopungua ni kitanda.

Lakini si milango yote iko namna moja, na hapa ndipo tunawaomba msome polepole.

Cornell, ambayo ni mojawapo ya universite kubwa za mashariki ya Marekani, ilianzishwa 1865, na kila mwaka inapokea mamia ya wanafunzi wenye kuhama. Sehemu zake fulani zinasaidiwa na serikali ya jimbo la New York, na zina mapatano na koleji za jamii za jimbo hilo. Tena iko na desturi moja ya pekee: vijana wengine wasiochaguliwa kwa mwaka wa kwanza wanapewa barua inayosema, nendeni msome mwaka mmoja mahali pengine, mkipata pointi tulizowapangia, mtakuja kwetu mwaka wa pili. Hiyo si ndoto, ni ahadi iliyoandikwa, lakini universite yenyewe ndiyo inayoichagulia watu, haiombwi.

Kuko tena jimbo la California. Huko tangu mpango mkubwa wa masomo wa 1960 serikali ilitaka koleji za jamii ziwe ngazi ya kupandia universite ya jimbo. Leo koleji hizo ni zaidi ya 110. Universite ya Los Angeles, ile wanayoiita UCLA, ambayo inachagua sana, inakubali maelfu ya wenye kuhama kila mwaka, na sehemu kubwa sana kati yao wanatoka katika koleji hizo za jamii. Matawi sita ya universite ya California (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) yanafanya hata mapatano ya mapema na mwanafunzi wa koleji ya jamii: ukitimiza masomo haya na pointi hizi, nafasi ni yako. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo katika mapatano hayo.

Lakini angalieni vizuri: njia ya California inataka krediti 60 za semesta, maana yake miaka miwili. Si mwaka mmoja. Yule anayesema "nyuma ya mwaka wa kwanza" na tena anasema "nitapitia koleji ya jamii mpaka Berkeley", amechanganya njia mbili. Na kwa maoni yetu sisi, ile ya miaka miwili ndiyo njia ya mtoto wa mtu asiye na feza. Haina sifa nyingi katika maongezi ya interna, lakini imebeba watu wengi.

Barack Obama alifanya namna hiyo ya kungoja. Aliingia koleji ya Occidental huko Los Angeles mwaka 1979, akasoma miaka miwili, na mwaka 1981 akahamia Columbia katika mji wa New York, akamaliza 1983. Watu wanamjua Columbia na Harvard (alisoma sheria Harvard baadaye), Occidental wanaisahau.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na sisi. Eduardo Mondlane wa Msumbiji, mtoto wa shule za misioni ya Waprotestanti wa Uswisi, alifukuzwa Afrika ya Kusini mwaka 1949 alipokuwa akisoma universite ya Witwatersrand. Mwaka 1950 akaingia universite ya Lisbon, Ureno. Huko polisi walikuwa wakimfuatafuata. Mwaka 1951 akahamia koleji ya Oberlin, jimbo la Ohio, akiwa na miaka 31, na hawakumwanzisha upya: walimwingiza moja kwa moja mwaka wa tatu. Akapata diploma yake 1953, na udaktari katika universite ya Northwestern mwaka 1960. Ndiye huyo aliyekuja kuongoza FRELIMO kutoka Dar es Salaam, mpaka alipouawa kwa bomu lililofichwa katika kifurushi, tarehe 3 mwezi wa pili 1969. Tunamtaja si kwa kupamba karatasi. Tunamtaja kwa sababu kuhama kwake kulikuwa na sababu ambayo kila mtu aliyeisoma aliielewa. Tutarudia neno hili la sababu.

Sasa kalenda. Hapa ndipo wengi wanaanguka, juu hawahesabu miezi.

Mwaka wa masomo kule unaanza mwishoni mwa mwezi wa nane ao mwanzo wa mwezi wa kenda. Semesta ya kwanza inaisha mwezi wa kumi na mbili. Universite nyingi zinazochagua sana zinafunga maombi ya kuhama kati ya tarehe 1 na 15 ya mwezi wa tatu, na majibu yanatoka mwezi wa tano ao wa sita. Basi yule mwenye kutaka kuhama nyuma ya mwaka wa kwanza anaomba akiwa na nini mkononi? Pointi za semesta moja tu. Miezi minne. Na katika miezi hiyo minne amejifunza baridi, chakula kipya, Kiingereza cha watu wanaosema haraka, na upweke. Wanaangalia pointi kwa kipimo cha 4: A ni 4, B ni 3, C ni 2. Wenye kukubaliwa katika universite hizo kubwa karibu wote wana A tupu ao karibu tupu. C moja ya mwezi wa kumi, wakati ulikuwa bado unatafuta njia ya kwenda maktaba, inaonekana katika dosye.

Na kwa kuwa pointi za kule ni chache hivyo, wanarudi kutazama nini? Wanatazama sekondari. Ndiyo, wandugu! Wanaomba releve ya shule ya sekondari hata kwa mtu aliyeisha kuingia universite. Kwa yule mwenye kuomba katika mwaka wa kwanza, makaratasi ya shule yetu hii yana uzito karibu sawa na ya kule. Nyuma ya miaka miwili uzito huo unapungua, kwa sababu sasa pointi za kule ni nyingi. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutodharau njia ya miaka miwili.

Basi tuseme wazi juu ya makaratasi ya kwetu, kwa maana hapa hakuna Mmarekani wa kulaumu.

Jambo la kwanza ni bulletin. Mnaipokea, mnaionyesha wazazi kama ni nzuri, mnaificha kama ni mbaya, na nyuma ya mwezi mmoja imefunika sufuria. Lakini universite za kule zinataka kuona pointi za miaka yote ya humanités, mwaka kwa mwaka, zenye muhuri na sahihi. Shule nyingi za mashariki ya nchi yetu zimepoteza vitabu vyao vya pointi wakati wa vita na uporaji. Mwanafunzi wa shule kama hiyo akiwa hakuchunga bulletin zake mwenyewe, hakuna mahali pa kuzitafuta.

Jambo la pili ni maana ya pointi. Kwetu mtu mwenye 65 kwa 100 katika Examen d'Etat anabebwa mabegani, na mama yake anapika kuku. Mmarekani asiyejua akiona 65 anasoma "D", karibu kuanguka. Lazima basi Bwana Prefe ao mkubwa wa masomo aandike barua inayoeleza kipimo: kwamba 50 ni kupita, kwamba 80 haionekani karibu hata mara moja, na mwanafunzi alikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Barua hiyo ni karatasi moja tu, lakini inaweza kubadili dosye nzima. Na lazima itafsiriwe kwa Kiingereza pamoja na bulletin, kwa mkono wa mtafsiri anayetambulika, si wa binamu.

Jambo la tatu ni jina. Tangu siku za Mobutu na mambo ya authenticité, sisi tuko na jina, postnom, na mara nyingi prénom juu yake. Fomu za kule zina nafasi mbili: jina la kwanza na jina la ukoo. Mtu mmoja ameandikwa kwa pasaporti namna hii, kwa diploma namna ile, kwa karatasi za wakimbizi namna ya tatu, na tarehe ya kuzaliwa inaachana kwa miaka miwili. Dosye za namna hiyo zinakawia ao zinalala kabisa. Chagueni mapema mpango mmoja wa majina, ule wa pasaporti, na muufuate kila mahali. Kurekebisha ukiwa hapa ni kazi ya wiki chache. Kurekebisha ukiwa Ohio ni kazi ya mwaka.

Kiisha makaratasi kuko barua za maprofesa. Mara nyingi wanaomba mbili, kutoka kwa maprofesa wa kule kule, waliokufundisha katika universite. Fikirieni: profesa amekuona miezi mitatu, katika sale ya watu 200, wewe umekaa nyuma kwa sababu kwetu tumefundishwa kwamba heshima ni kunyamaza. Ataandika nini juu yako? Jina lako hata hajui kulitamka. Kule profesa anaweka saa fulani za wiki ambazo mlango wa ofisi yake uko wazi kwa mwanafunzi kuja kuuliza. Yule mkubwa wetu aliyetuandikia anasema mwezi mzima alidhani saa hizo ni za wenye makosa. Sasa anakwenda kila siku ya nne na swali moja ameliandika mbele, na profesa wa kemia ameanza kumpa vitabu. Si kwa ajili ya barua tu. Lakini barua inatoka hapo.

Halafu sababu. Kila universite inauliza: kwa nini unataka kuacha pale ulipo, na kwa nini kuja kwetu? Jibu "kwa sababu ni universite bora duniani" wanalisoma mara elfu kwa mwaka. Jibu "koleji yangu ni mbaya" ni baya zaidi, kwani anayemsema vibaya mwenyeji wa jana atamsema vibaya na wa kesho. Wanachotaka ni kitu kinachoonekana: unasoma biolojia, umevutwa na magonjwa ya mihogo, koleji yako haina profesa wa mimea wala labo yake, na kule kuko. Kama sababu yako ingeweza kuandikwa na mtu mwingine yeyote, si sababu yako. Mondlane alikuwa na sababu ya kuondoka Lisbon ambayo haikuhitaji mapambo.

Tuna rafiki mmoja wa darasa ambaye hapatani nasi juu ya hili. Anasema: kwa mtoto wa maskini jina la universite peke yake ni sababu ya kutosha, kwa kuwa jina ndilo linalofungua kazi. Tulibishana naye mpaka taa zikazimwa. Hatukumshinda kabisa, tuseme ukweli. Lakini hata yeye alikubali kwamba sababu hiyo huwezi kuiandika katika fomu.

Juu ya feza. Harvard, Yale, Princeton na MIT zina desturi ya kutoangalia mfuko wa mwombaji wakati wa kuchagua, hata kama ni mgeni, na kumjalizia kile ambacho jamaa yake haiwezi kulipa. Hilo ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini universite nyingine nyingi zinazochagua sana zinaangalia mfuko wa mgeni, na nyingine zina feza chache zaidi kwa mwenye kuhama kuliko kwa mwenye kuanza. Ulizeni kila moja peke yake: je, mwenye kuhama anapata msaada sawa? Pia bursi uliyopewa na koleji ya kwanza haihami pamoja nawe. Ukitoka, inabaki. Na ukiwa na viza ya mwanafunzi, karatasi yako ya I-20 lazima itolewe upya na universite mpya, na shule ya zamani ihamishe jina lako katika daftari la serikali. Kuondoka tu bila hayo ni kupoteza haki ya kukaa. Yule aliyekuja kama mkimbizi na kupata karatasi ya mkaaji wa kudumu yuko katika hali nyingine: yeye anaweza kuomba msaada wa serikali yao, ambao mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kuuomba.

Hapa mjini kuko bwana mmoja, hatutaji jina, anayewaambia wazazi kwamba kwa dolari 300 atapeleka "dosye ya transferi" ya mtoto wao mpaka Harvard, hata mtoto bado hajamaliza sekondari. Wandugu, someni tena yale tuliyoandika juu. Hakuna kuhama kwa mtu ambaye hajaanza. Harvard yenyewe inataka uwe umemaliza angalau mwaka mmoja wa universite, wala usizidi miwili. Fomu inajazwa na mwanafunzi mwenyewe. Kuna malipo madogo ya kuomba, na mtu asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Kitu kingine cha kununua hakuna. Wazazi wawili walikwisha kulipa; tumewaomba watoto wao wawaonyeshe ukurasa huu.

Tena wasidhani kwamba udanganyifu unapita kule kwa sababu ni mbali. Mwaka 2007 kijana mmoja Mmarekani aliingia Harvard kwa njia hii hii ya kuhama, akisema ametoka MIT, na pointi safi. Ukweli alikuwa amesimamishwa na koleji nyingine, na barua zote alizitengeneza. Waligundua 2009 alipoomba bursi ya kwenda Uingereza, na 2010 akahukumiwa mbele ya korti. Na mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwashitaki watu karibu 50, kati yao wazazi matajiri sana, waliotoa feza kwa siri ili watoto wao waingie universite kubwa. Wengi walifungwa.

Swali lililobaki ni la yule mkubwa wetu: afanye nini na mwaka wenyewe, akingoja? Tulimjibu hivi. Aombe, kwa kuwa pointi zake za semesta ya kwanza ni nzuri. Lakini asiombe tu zile tatu ambazo majina yao tunayajua sote. Aweke na nyingine mbili tatu ambazo kweli zinapokea watu. Achague masomo ya semesta ya pili kana kwamba atabaki, na aandikishe chumba cha mwaka ujao pale pale, kwani majibu yanakuja wakati vyumba vimekwisha kugawanywa. Na akikataliwa, anaweza kuomba tena nyuma ya mwaka wa pili, akiwa na pointi za semesta tatu, na profesa wa kemia anayejua kutamka jina lake.

Kuhusu sisi tulio hapa: Bwana Prefe amekubali kwamba kila mfinalisti anayetaka nakala za bulletin zake zote, zenye muhuri, alete orodha ya miaka yake kwa sekretariati kabla ya likizo ya Pasaka. Wa madarasa ya chini ambao wamepoteza bulletin ya mwaka uliopita wanaweza kuja vilevile; vitabu vya pointi bado viko. Mlete na pasaporti ao cheti cha kuzaliwa, ili jina liandikwe namna moja. Siku za kupokewa ni ya tatu na ya tano, nyuma ya saa ya nne.